Kiganja cha Kijani

Mimi ni Kuriyakose mwana wa Ouseph,
mkausha iliki wa mlima huu wa Idukki,
na sina la kujisifu ila mizani yangu,
nayo ni ya kurithi, na sahani yake moja imepinda.

Jirani yangu ni Tomichan.
Yeye huinyunyizia iliki yake maji alfajiri ya mnada,
ikanywa, ikavimba, ikawa nzito kama uongo uliolala salama;
huitia rangi, ikang'aa kuliko siku ilipochumwa.
Wanunuzi huinusa, hutabasamu, hulipa.
Bati lake limekuwa vigae. Baiskeli yake imekuwa gari jeupe
ambalo honi yake naijua kuliko kengele ya kanisa.
Alipomwoza bintiye watu mia saba walikula,
na askofu mwenyewe akaomba aongezewe samaki.

Nami nilikuwepo. Nilikula. Mwiba haukunikwama kooni;
kilichonikwama ni vigae.

Ee Mungu, niseme kweli, maana unaijua:
sikuichukia dhambi yake. Niliihesabu.
Usiku, Eliyamma akikoroma,
nilikuwa mhasibu wa nyumba isiyo yangu:
kilo mbili za maji kwa gunia, mara magunia arobaini,
mara miaka kumi na mmoja ya ujinga wangu.
Nikaona uaminifu ni mkopo
niliompa mdaiwa asiyefungua mlango.

Nikanunua pakiti ya rangi. Rupia hamsini.
Nikaitia mfuko wa shati, upande wa moyo
(sikuuchagua upande huo; shati lina mfuko mmoja).

Saa nane usiku, kando ya tanuri, nikaifungua.
Hakuna malaika aliyegonga bati.
Paka alinitazama, akalala tena.
Ila mikono ilianza kutetemeka,
nami nikalitambua tetemeko lile.
Si la mwizi asikiaye viatu vya polisi.
Ni lile lililonishika mwaka juzi, hospitalini Kottayam,
muuguzi aliponipakatisha mjukuu wa saa tatu,
nikasahau hata kupumua, nisije nikamwangusha.
Hakunitisha yule mtoto.
Alikuwa mzito kuliko vyote nilivyowahi kupima,
na mizani ilikuwa mimi.

Basi kukucha wewe, Bwana, ndiko huku?
Si fimbo juu ya kichwa,
bali kitu ulichoniwekea mikononi nikiwa nimelala,
na miaka yote hii nimetafuta pa kukitua
ili nipate mikono ya kushikia vigae.

Nikaimwaga rangi mferejini. Mvua ikaichukua,
ikateremka kijani hadi mlangoni kwa Tomichan.
Asubuhi Eliyamma aliona. Hakusema neno.
Aliniletea sabuni.

Sabuni haikufaa kitu.
Jumapili nikaenda hivyo hivyo, mkono mfukoni,
hadi wakati wa kupokea, na hapo sikuwa na budi:
nikamfungulia Padri Pothan kiganja
kijani kama chura wa kisimani.
Akakitazama. Akanitazama.
Akauweka mkate juu yake.

Mbele yangu Tomichan alikuwa amepokea
kwa mkono mweupe kama sahani ya harusi.
Msimu huu, nasikia, amepata bei kuliko jana.
Ng'ombe wake amezaa mapacha. Radi haikumpiga.
Sijui Mungu amemwekea nini,
wala si kazi yangu kukaa kizingitini nikingoja nione.
Saa ile sikumwonea wivu, wala sikumhurumia.
Nilikuwa na mkate mkononi,
na niliogopa kuuangusha.

Kesho honi italia tena. Najijua.
Ndiyo maana kiganja hiki
sikisugui sana.